Mlango niliufungua mimi, na Mkurugenzi hajui

Shikamoo Mama,

Mimi ni mhasibu wa shule ya binafsi ya awali na msingi hapa Iringa. Nina miaka sita kazini na sijawahi kupungukiwa hata shilingi mia ya chai. Nakuandikia saa nane usiku kwa sababu usingizi umenikataa.

Desemba fundi tunayemtumia miaka yote alitutengenezea madawati 160, kila moja TSh 90,000. Yaliletwa, yakahesabiwa, nikaandaa malipo ya TSh 14,400,000. Ijumaa ya mwisho kabla ya shule kufunguliwa ikaingia barua pepe ya fundi, ndani ya mazungumzo yetu yale yale, barua zetu zote za nyuma zikionekana chini yake. Akasema wamehamia benki nyingine, akaunti mpya ipo kwenye ankara aliyoambatanisha, na nikiweza nimlipe kabla ya saa kumi maana vijana wake wanangoja ujira. Ankara ni ile ile, nembo ile ile, mpaka mhuri wake ambao siku zote hukaa upande. Saa tisa alasiri nikalipa.

Jumatano fundi akapiga simu, mkali kama pilipili. Hajapata kitu. Hajahama benki. Anasema alinitumia barua pepe tatu kuulizia pesa yake, na mimi sikuiona hata moja. Nikairudia ile barua ya Ijumaa, nikaisoma herufi kwa herufi. Jina la kampuni yake lina m. Kwenye anwani ya ile barua hapakuwa na m, palikuwa na r na n zimebanana.

Mama Mkurugenzi anaamini fundi ndiye kacheza mchezo. Anasema hamlipi mara mbili, na kama si fundi basi ni mimi, nitakatwa mshahara mpaka deni liishe. Nalipwa TSh 650,000. Nimepiga hesabu, ni miezi ishirini na miwili bila kula wala kulipa kodi ya chumba. Benki hataki twende, polisi hataki, eti huu ni msimu wa kuandikisha watoto na habari ikitoka shule jirani zitashangilia. Kamwita kijana wa kompyuta, naye kasema dawa ni kununua mfumo wa ulinzi wa TSh milioni nne.

Sasa lile linaloniua. Mwishoni mwa Novemba nilipata barua pepe kwamba inboksi ya ofisi imejaa, nibonyeze linki niongezewe nafasi, la sivyo barua zitaanza kufutwa. Nikabonyeza. Ukurasa ulikuwa kama ule ninaouona kila asubuhi. Nikaandika neno la siri, ukaniambia kuna hitilafu, nijaribu baadaye. Nikaendelea na kazi, nikasahau. Nimekumbuka Jumatano usiku, mwili ukafa ganzi. Hakuna anayejua ila mimi, na sasa wewe.

Na leo mchana wamekuja wazazi wawili na meseji kwenye simu zao: ada ya muhula ilipwe kwa namba mpya kwa kuwa ya zamani ina tatizo. Kila mmoja katuma TSh 450,000, na namba hiyo si ya shule. Meseji zilitaja majina ya watoto wao na madarasa. Mkurugenzi anasema ni uzembe wao, hayo na ya madawati hayahusiani. Mimi moyo unaniambia yanahusiana.

Nimwambie, au ninyamaze fundi aubebe mzigo?

Mhasibu asiyelala, Iringa


Marahaba mwanangu.

Wasomaji wajue kwamba barua hii niliijibu kwanza kwa simu, asubuhi ile ile niliyoipokea, maana pesa iliyoibwa haingoji zamu ya gazeti. Uliandika namba yako chini, nikapiga, nawe ukaniuliza maswali matatu kuhakikisha kweli ni mimi kabla hujasema lolote. Nilicheka, nikasema huyu keshapona nusu. Haya ninayoyaandika ni kwa ruhusa yako, na nimegeuza vitu vidogo vidogo ili mtu wa Iringa asikae kuzihesabu shule kwenye vidole.

Siku ile ulimshawishi Mkurugenzi benki ipigiwe, bila kumtajia habari ya linki. Benki yenu ikaiomba benki iliyopokea izuie. Zilikutwa TSh 2,300,000. Nyingine zilishatolewa kwa mawakala tangu Jumamosi, kidogo kidogo. Zingezuiwa zaidi kama simu ingepigwa Jumatano mlipojua, na zingezuiwa karibu zote kama ingepigwa ile Ijumaa jioni. Kwa hiyo msomaji mwingine yeyote anayejikuta hapa alipo mwenzetu, aweke gazeti chini, apige benki yake sasa hivi, amtajie afisa kwamba ni utapeli na anaomba malipo yarejeshwe, halafu aende kituo cha polisi akachukue RB, yaani namba ya taarifa yake, na aombe suala lifike kwa wapelelezi wa makosa ya mtandao. Sheria ya Makosa ya Mtandao tunayo tangu 2015. Na asifute barua hata moja. Watu wengi wakishikwa na hofu hufuta, na wakifuta wanakuwa wamemfagilia mwizi nyayo zake.

Umeuliza kama umwambie. Mwambie, tena leo. Fundi naye ana watoto, hilo peke yake lingetosha. Lakini lipo la pili ambalo Mkurugenzi atalielewa haraka kuliko huruma: mwizi yumo ndani mpaka sasa, na mtu pekee anayejua alipitia wapi ni wewe.

Hebu nikueleze alivyofanya, kwa sababu ukielewa utaacha kujiona mjinga. Neno la siri uliloandika Novemba halikutumika kuiba siku ile. Aliingia kwenye barua za ofisi akakaa kimya, anasoma. Wiki tano, sita. Akajua mna fundi, akajua bei, akajua siku madawati yanafika, akajifunza hata namna mnavyosalimiana. Kisha akaweka kanuni ndani ya sanduku lenu la barua: chochote kitakachotoka kwa fundi wa kweli kisifike inboksi, kihamishiwe kwenye folda ambayo hakuna anayeifungua na kitiwe alama kwamba kimesomwa. Ndiyo maana hukuziona barua tatu za fundi. Tuliongea kwenye simu ukafungua mipangilio, ukazikuta zimelala huko zote tatu, na kanuni ya pili iliyokuwa inatuma nakala ya kila barua ya shule kwa anwani ya nje. Ulinyamaza kidogo, nikasikia unapumua.

Angalia basi hatari ya kunyamaza. Tuseme kijana wa kompyuta anakuja kesho, anabadilisha neno la siri, analipwa, anaondoka. Ile kanuni ya nakala haiondoki kwa kubadilisha neno la siri. Simu au kompyuta ambayo mwizi aliingilia inaweza kubaki imeingia mpaka mtu achague kuvitoa vifaa vyote. Na kama alibandika namba yake kwenye sehemu ya kurejesha akaunti, atarudi hata mkibadilisha mara kumi. Haya ni mambo ya nusu saa, na hayahitaji milioni nne: kwa kompyuta nyingine iliyo safi, badilisheni neno la siri, toeni vifaa vyote, futeni kanuni mlizozikuta baada ya kuzipiga picha za ushahidi, kagueni namba na anwani za kurejesha akaunti, kisha washeni uthibitisho wa hatua mbili, ule unaodai namba ya ziada baada ya neno la siri. Lakini nani atajua atafute kanuni, kama kila mtu ofisini anaamini kosa liko kwa fundi? Wazee walisema mficha uchi hazai.

Kuhusu aibu. Kati ya 2013 na 2015 mtu mmoja wa Lithuania, Evaldas Rimasauskas, alisajili kampuni Latvia yenye jina sawa na la Quanta Computer ya Taiwan, ambayo ni muuzaji halali wa vifaa kwa kampuni kubwa. Akatengeneza ankara, mikataba na mihuri, akawaandikia Google na Facebook walipie kwenye akaunti zake. Wakalipa. Zaidi ya dola milioni 120. Mahakama ya New York ilimfunga miaka mitano mwaka 2019. Hizo ni kampuni ambazo barua pepe na mitandao ndiyo biashara yenyewe, zina wahandisi usiowahesabu, na zilipigwa kwa ankara tu, kama wewe. Mpelekee Mkurugenzi kisa hicho akisema ungetumia akili.

Sasa niseme lililonikera kuliko yote, na hukuliandika kwenye barua, ulilidondosha kwenye simu kama kitu cha kawaida. Malipo ya benki kwa mtandao yamewekewa watu wawili: mmoja anaingiza, mwingine anaidhinisha. Mkurugenzi ndiye muidhinishaji. Lakini hataki kusumbuliwa, kwa hiyo ile simu inayopokea namba za uthibitisho kaiacha kwenye droo yako. Wewe unaingiza, wewe unaidhinisha. Nilikaa idara ya ukaguzi wa benki miaka kumi na tisa, na karibu kila faili nene niliyofungua ilikuwa na droo kama hiyo ndani yake. Linki ulibonyeza wewe, sawa. Lakini mlango wa pili, ambao ungemzuia mwizi hata baada ya linki, Mkurugenzi alikuwa ameung'oa mwenyewe akakupa uushike. Mwambie hilo kwa adabu, ila mwambie.

Na mshahara haukatwi hivihivi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaruhusu mwajiri kufidia hasara kwenye mshahara kwa masharti: mfanyakazi aridhie kwa maandishi, hasara iwe imetokea kazini kwa kosa lake, mwajiri aeleze kwa maandishi chanzo, kiasi na hesabu ilivyopatikana, na mfanyakazi apewe nafasi ya kupinga. Hata hayo yote yakitimia, makato hayazidi robo ya ujira. Kwako robo ni TSh 162,500. Usisaini karatasi yoyote kwa hofu, hasa jioni, hasa ukiwa peke yako ofisini kwake. Akikazania, ipo Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.

Tuje kwa wazazi, na hapa moyo wako ulikuwa na haki. Uliniambia kila muhula huwa unatuma faili la Excel, lenye majina ya watoto, madarasa na namba za wazazi, kwa kampuni inayowatumia meseji za ada. Unalituma kwa barua pepe. Lile lile sanduku alilokuwa anasoma mwizi. Sisi tumezizoea meseji za "ile pesa tuma kwenye namba hii" mpaka tunazicheka, kwa sababu zinatumwa ovyo kwa yeyote. Hii si ovyo. Mzazi anayetajiwa jina la mtoto na darasa, wiki ya ada, atatuma, hata awe hakimu. Kuwaita wazembe ni dhuluma.

Wazazi wote waambiwe leo, na waambiwe kwa njia ambayo mwizi haimiliki: karatasi kwenye begi la kila mtoto, tangazo getini, walimu wa madarasa wawapigie. Waambiwe namba ya ada ni ile iliyochapwa kwenye fomu ya kujiunga na haitabadilishwa kwa meseji kamwe. Aliyeipata ile meseji aitume kwenda 15040 ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, namba ya tapeli ishughulikiwe. Wawili waliotuma wapige mtandao wao wa simu haraka, nao wachukue RB. Halafu kuna Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Sheria yake ni ya 2022 na imeanza kutumika Mei 2023, inamtaka kila anayetunza taarifa za watu aiarifu Tume bila kuchelewa usalama wake unapovunjwa. Shule yenye majina ya watoto haiwezi kujifanya haikusikia. Mkurugenzi anaogopa shule jirani zitashangilia. Aulize wazazi wanaambiana nini kwenye daladala sasa hivi, kabla yeye hajasema neno.

Kijana wa kompyuta simfahamu na sitaki kumharibia riziki. Ila ulinieleza kwamba yeye ndiye aliyewawekea programu za kukraki, yaani za wizi zisizolipiwa, kwenye kompyuta za ofisi, na anatunza maneno ya siri ya shule nzima kwenye daftari lake la mkononi, na neno lenyewe ni jina la shule na mwaka. Mtu huyo ndiye anayewauzia kufuli la milioni nne? Antivairasi nzuri ina kazi yake, sikatai, na programu halali zinazojisasisha zenyewe zina kazi kubwa zaidi. Lakini hakuna antivairasi ingekuzuia Ijumaa ile. Wewe ulikuwa mhasibu halali, kwenye kompyuta halali, unalipa kwa akaunti halali. Kompyuta haikuona kosa lolote kwa sababu kwake halikuwepo.

Kilichokosekana ni simu moja. Akaunti ya mtu ikibadilika, mlipaji anampigia kwa namba iliyo kwenye mkataba wa zamani, ile iliyoandikwa kwa kalamu kwenye faili, wala si iliyo chini ya barua pepe. Anapiga yeye, hangoji kupigiwa. Nakazia hilo la kupiga kwa sababu sauti na sura siku hizi vinaghushiwa. Mwanzoni mwa 2024 mfanyakazi wa fedha wa kampuni ya Arup huko Hong Kong aliingia kwenye mkutano wa video, akamwona bosi wake wa fedha na wenzake wengine wanaongea, akatuma karibu dola milioni 25 kwa mafungu kumi na tano. Kwenye ule mkutano mtu wa kweli alikuwa yeye peke yake. Wote waliobaki walikuwa wametengenezwa. Alikuwa ameishuku barua ya kwanza iliyomtaka atume pesa, sura ndizo zilizomlegeza.

Na maneno yale ya "kabla ya saa kumi" ukiyaona tena, malipo hayo yalale mpaka siku ya kazi inayofuata. Fundi wa kweli atanung'unika kisha atakushukuru.

Juu yako mwenyewe, maana ulisema neno la siri la ofisi ndilo pia la barua pepe yako binafsi. Badilisha leo hii. Sentensi ndefu ya maneno yako ya nyumbani ni ngumu kukisia kuliko kifupi chenye alama za ajabu ajabu utakachosahau. WhatsApp nayo ina namba ya siri ya tarakimu sita kwenye mipangilio ya akaunti, iwashe, na uangalie vifaa vilivyounganishwa kama vyote unavitambua. Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Wapo wasajili wa mitaani waliomwambia mtu "dole halijakubali, weka tena", kumbe la pili lilikuwa la laini nyingine. Ukikuta usiyoijua, nenda dukani kwa mtandao wenyewe ifungwe, isije ikapokea ada ya mtoto wa mtu kwa jina lako.

Kabla ya kuingia kwa Mkurugenzi, kutana na fundi. Mwombe radhi, mwonyeshe zile barua zake tatu zilipokuwa zimefichwa. Anadai haki yake, na madawati yake watoto wameyakalia. Mkurugenzi anaweza kuomba amlipe kwa mafungu. Anaweza hata kugundua kwamba fundi ndiye shahidi wake mzuri kuliko wote polisi.

Kisha ingia, funga mlango, usianze na samahani ndefu. Mwekee mezani karatasi tatu: picha ya zile kanuni, barua ya Novemba, na ile ya r na n. Sema hivi: "Mama, nimepata alipoingilia. Aliingilia kwangu, Novemba, na nimeshajua anavyosoma barua zetu. Naomba nusu saa nikuonyeshe, halafu tuwaandikie wazazi. Na ile simu iliyo kwenye droo yangu nimekuja nayo."

Uiweke mbele yake hiyo simu. Uniandikie kesho alivyosema.